Figo za Mjomba Zilikosa Damu

Kazi yangu ni ya maabara. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikipima damu na mkojo katika kituo cha afya upande wa Temeke, Dar es Salaam, na katika muda huo nimeliandika neno kreatinini, kipimo cha damu kinachopanda figo zinaposhindwa kazi, mara nyingi kiasi kwamba mkono huliandika kabla ya akili kulifikiria. Hata hivyo, sikuwa nimeielewa namba ile kama nilivyoielewa mwezi Februari mwaka huu, asubuhi ambayo jina lililokuwa juu ya karatasi ya majibu lilikuwa la mjomba wangu.

Mjomba ana miaka 63 na ni fundi seremala wa Keko, pale ambapo vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara vikisubiri wateja. Ana presha, na kwa miaka kadhaa sasa humeza kila asubuhi kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani yake, losatani na haidroklorothiazaidi, bila kuruka hata siku moja. Mwezi Januari mgongo ulimshika kwa sababu ya kuinua mbao nzito katika umri ule, naye akaanza kununua diklofenaki katika duka la dawa la mtaani, kwanza kidonge kimoja jioni, kisha viwili kwa siku, kisha vitatu. Jumatatu moja usiku akaanza kuharisha. Hakuna aliyeshtuka, maana katika miezi ya joto kuharisha mtaani kwao Tandika si habari, na yeye mwenyewe aliwaambia watu wa nyumbani kwamba chakula alichokula mgahawani hakikumkubali. Nilipopiga simu Jumatano, mke wa mjomba aliniambia kwamba mzee amelala, anapumzika, na tumbo limeanza kutulia. Niliuliza ameharisha mara ngapi. Sikuuliza amekojoa mara ngapi, na swali hilo nimelibeba tangu siku hiyo.

Alhamisi asubuhi nilikwenda mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" kwa sauti iliyotoka mbali. Midomo ilikuwa imekauka, macho yameingia ndani, na vidole vyake vilikuwa vya baridi katika chumba ambamo feni ilikuwa ikizungusha hewa ya moto. Nilipomuuliza kuhusu mkojo alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba alikojoa jana asubuhi, kidogo tu, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kando ya kitanda palikuwa na madafu mawili yaliyokwisha kunywewa na karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge viwili. Nilisimamisha bajaji. Kituoni presha yake ilikuwa 86 kwa 52, yeye ambaye kwa kawaida huwa na 140 na zaidi. Potasiamu, chumvi ambayo figo huitoa, ilikuwa imepanda hadi 5.9, na kreatinini, ambayo mwaka uliotangulia nilimpima mwenyewe nikapata 88, ilikuwa mikromoli 318 kwa lita.

Kabla hata gari la kumpeleka hospitali halijafika, habari ilikwisha kuzunguka ukoo mzima kwamba figo za mjomba zimefeli. Binamu mmoja aliuliza kusafisha damu ni shilingi ngapi kwa wiki, na mwingine akauliza ni nani kati yetu mwenye kundi la damu kama lake ili ajiandae kutoa figo. Waliuliza kwa mapenzi, nami siwalaumu, kwa sababu katika maongezi yetu ya kila siku tuna kauli moja tu, figo kufeli, ambayo tunaitumia kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeharibiwa na kisukari kwa miaka kumi na mitano na pia kwa mtu aliyeharisha siku tatu. Hayo ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Hadi Jumatatu ile mchana, figo za mjomba zilikuwa zikifanya kazi yake vizuri. Zilikosa damu, na ni juu ya kukosa damu huko ninakotaka kueleza kwa kirefu, kwa kuwa naamini watu wengi katika mji huu hupoteza figo, na wengine uhai, kwa jambo ambalo lingeweza kurudishwa nyuma kama lingetambuliwa mapema.

Figo moja ya mtu mzima ina uzito wa gramu 150 hivi. Zote mbili kwa pamoja hazifikii hata asilimia moja ya uzito wa mwili, lakini kila moyo unapopiga, figo huchukua takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Misuli, ngozi na matumbo hupewa damu hasa kwa ajili ya mahitaji yao wenyewe. Figo hupewa damu nyingi namna hiyo ili ziisafishe kwa niaba ya mwili mzima. Ndani ya kila figo kuna nefroni zipatazo milioni moja, na kila nefroni huanza na fundo dogo la mishipa myembamba sana, ambalo ndilo kichujio, na huendelea kwa mrija mrefu unaojikunja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji yapatayo lita 180, na mirija hurudisha karibu yote katika damu pamoja na chumvi na sukari, ikabakiza lita moja na nusu au mbili za mkojo. Mtu akiitafakari hesabu hiyo ataona ni kazi kubwa kiasi gani, na ataona pia ni kazi inayotegemea kitu kimoja kisichokuwa mikononi mwa figo zenyewe, nacho ni shinikizo la damu inayofika pale kwenye kichujio.

Yeyote aliyekaa Dar es Salaam na kumwagilia bustani kwa mpira anajua habari za shinikizo. Maji yakiwa na nguvu ndogo unafanya mambo mawili: unafungua koki zaidi ili yaingie mengi, na unabana mdomo wa mpira kwa kidole ili yatoke kwa nguvu. Figo hufanya vivyo hivyo. Kichujio kina mshipa mdogo unaoingiza damu na mwingine unaoitoa, na yote miwili ina misuli. Damu ikipungua, figo hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ambazo hupanua mshipa wa kuingizia. Wakati huohuo mwili hutengeneza homoni iitwayo anjiotensini ambayo hubana ule wa kutolea. Kwa ufundi huo, hata wastani wa shinikizo la damu ukipanda au kushuka kati ya milimita 80 na 180 za zebaki hivi, uchujaji hubaki karibu uleule. Chini ya hapo ufundi huisha. Kwa mtu ambaye ameishi na presha ya juu kwa miaka mingi, mpaka huo huwa umesogea juu, hivyo shinikizo ambalo kijana angelivumilia huwa tayari ni dogo mno kwa figo za mzee.

Sasa tumrudie mjomba na vidonge vyake. Diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, na haichagui zile za mgongoni peke yake. Huzuia na zile za figo, kwa hiyo mshipa wa kuingizia ukashindwa kupanuka. Losatani huzuia anjiotensini, kwa hiyo mshipa wa kutolea ukashindwa kubanwa. Haidroklorothiazaidi huondoa chumvi na maji mwilini kupitia mkojo, na kuharisha kukaondoa mengine mengi. Tangi lilikuwa linavuja katika sehemu mbili, na mikono yote miwili ya kulinda nguvu ya maji ilikuwa imefungwa. Wataalamu wa figo wanaujua vizuri mchanganyiko huu wa dawa tatu, lakini mteja anayesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa haujui, na mara nyingi muuzaji haulizi mteja anatumia dawa gani nyingine.

Nalazimika kusema hapa, kwa sababu nimewasikia watu wakitoka katika habari kama hii na kutupa dawa zao za presha, kwamba losatani ni dawa nzuri. Kwa mwenye kisukari ambaye figo zake zimeanza kuvuja protini, ni miongoni mwa dawa zinazozilinda figo hizo kwa miaka mingi. Mtu mwenye afya, anayekula na kunywa vizuri, figo zake huendelea vizuri nayo. Hatari huja katika siku zile chache za kuharisha, kutapika au homa kali, wakati figo zinapohitaji silaha zake zote.

Kuna hatua mbili katika kuumia huku, na tofauti kati yake ndiyo inayoamua mgonjwa atarudi nyumbani lini. Katika hatua ya kwanza hakuna seli hata moja iliyokufa. Figo zimeona damu ni kidogo, nazo zinashika kila tone la maji na kila chembe ya chumvi, na ndiyo maana mkojo unakuwa mchache na mweusi. Mkojo huo mchache tunauchukulia kama dalili kwamba figo zimekufa, ilhali katika hatua hii ni dalili kwamba zinafanya kazi kwa akili kubwa. Ukipima sodiamu katika mkojo wa namna hiyo utaikuta ni ndogo sana, isipokuwa kwa mtu kama mjomba ambaye dawa ya kukojosha humlazimisha kuitoa, na hapo kipimo hicho hudanganya. Damu ikirudishwa katika hatua hii, kreatinini huanza kushuka ndani ya siku moja hadi tatu.

Hatua ya pili huanzia ndani kabisa ya figo. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba kiungo kinachopata damu nyingi kiasi hicho kina sehemu inayoishi karibu na njaa kila siku. Damu nyingi hubaki katika tabaka la nje kwenye vichujio. Tabaka la ndani, ambako mirija husukuma chumvi usiku na mchana, hupata kidogo, na shinikizo la oksijeni huko huwa kati ya milimita 10 na 20 tu hata mtu akiwa mzima, wakati tabaka la nje lina 50 hivi. Mtu anayekula mlo mmoja kwa siku hawezi kuvumilia kukosa mlo huo. Damu ikipungua kwa saa nyingi, seli za mirija huishiwa nguvu, hupoteza zile nywele zake ndogo za kufyonzea, huachia kuta zilizoshikamana nazo na kudondoka ndani ya mrija. Zikidondoka huziba njia, na maji yaliyokwisha kuchujwa huvuja kurudi katika damu kupitia sehemu zilizobaki wazi. Kuanzia hapo, hata ukirudisha damu yote, mkojo hautarudi siku hiyo. Mgonjwa atasubiri wiki moja hadi tatu, pengine zaidi, hadi seli zilizosalia zizaliane na kuzivika upya kuta za mirija. Na kwa rehema ya Mungu huzaliana kweli, jambo ambalo seli za ubongo na za moyo haziwezi kwa kiasi hicho.

Katika darubini hatua hizi mbili huonekana kwa macho. Mkojo wa hatua ya kwanza huwa hauna kitu cha kutisha. Mkojo wa hatua ya pili huwa na vipande vyenye umbo la mrija uliovitengeneza, vyenye chembechembe za rangi ya kahawia kama matope ya mto. Mjomba alitoa mililita chache tu za mkojo asubuhi ile. Niliuzungusha katika mashine, nikaweka tone kwenye kioo, nikaangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Niliona vipande vya matope vichache, vimetawanyika, nikapitisha kioo kizima bila kukuta wingi wake. Nilielewa kwamba yuko kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na kwamba saa za siku ile zilikuwa na thamani kubwa kuliko dawa yoyote.

Kuhusu kreatinini yenyewe nina jambo ambalo natamani kila mtu anayeshika karatasi ya majibu alijue. Namba hii huchelewa. Kreatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na hupanda katika damu kwa kujikusanya, kama maji yanavyojaa karo baada ya tundu kuziba. Figo zikisimama kabisa saa hii, jioni namba inaweza kuwa bado inapendeza, na baadaye itapanda kwa mikromoli 90 hadi 130 hivi kila siku. Aidha, kwa kuwa chanzo chake ni misuli, namba ileile haina maana ileile kwa watu wote: 120 kwa kijana anayebeba mizigo Kariakoo inaweza kuwa ya kawaida, na 120 kwa bibi wa kilo 42 ni figo zilizokwisha kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 wa kutambua kuumia ghafla kwa figo haukuweka kizingiti kimoja cha namba, bali uliangalia mwendo wake. Kupanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48 kunatosha, au kufikia mara moja na nusu ya namba ya zamani ndani ya siku saba, au mkojo kuwa chini ya nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa sita.

Kipimo hicho cha mwisho hakihitaji maabara. Mjomba ana kilo 68, kwa hiyo nusu yake ni mililita 34 kwa saa, kiasi ambacho hakijazi hata kile kikombe kidogo cha wauza kahawa wa barazani. Kwa saa kumi na mbili ni mililita 408, yaani haifiki chupa ya maji ya nusu lita. Mgonjwa wa kuharisha akikojoa katika chombo kinachojulikana ujazo wake, familia inaweza kuona hatari siku nzima kabla karatasi yangu haijaionyesha. Ninaandika hivi nikijua kwamba Jumatano ile ningeweza kumwambia mke wa mjomba afanye hivyo, na angefanya.

Hospitalini walimwekea mpira wa mkojo ili kila saa ipimwe, wakasimamisha dawa zote tatu, wakampima moyo kwa mashine kwa sababu ya ile potasiamu ya 5.9, kwani potasiamu ikizidi hukorofisha umeme wa moyo na inaweza kuusimamisha ghafla. Kisha wakaanza dripu za Ringa, yaani maji yenye chumvi, nusu lita kwa wakati, na baada ya kila nusu lita daktari alirudi kusikiliza mapafu na kupima presha. Nilimheshimu sana daktari yule kwa kurudi kwake. Dripu ni dawa kama dawa nyingine, ina kipimo chake, na figo ambazo zimevuka kuingia hatua ya pili haziwezi kuyatoa maji utakayoyazidisha, yataenda mapafuni. Saa za kwanza mfuko ulipata mililita 15, kisha 20. Usiku wa manane nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, muuguzi akatoka akaniambia saa iliyopita zimetoka 45. Alfajiri zilikuwa 80 na rangi imeanza kufunguka. Kreatinini ya Ijumaa ilipanda kidogo hadi 331, jambo lililowatia hofu ndugu zangu, lakini mimi niliitarajia kwa sababu ya ule uchelewaji. Jumamosi ilikuwa 246, Jumapili 160, Jumanne 104. Potasiamu ilirudi ndani ya kawaida siku ya pili.

Hakuhitaji kusafishwa damu kwa mashine. Kama potasiamu ingegoma kushuka, au mapafu yangejaa maji, au asidi ingezidi katika damu, angehitaji, na najua katika ukoo wetu pangetokea mabishano makali, kwa kuwa kuna imani iliyoenea sana hapa mjini kwamba ukishaanza mashine huachi tena hadi kufa. Imani hiyo imetokana na wagonjwa wa figo za muda mrefu, ambao kweli huihitaji siku zote au hadi wapandikizwe figo nyingine. Kwa figo zilizoumia ghafla, mashine hufanya kazi ya kusubiri: huusafisha mwili siku chache au wiki chache huku mirija ikijijenga, kisha huondolewa. Nimeona karatasi za wagonjwa waliosafishwa mara nne au tano, na baada ya mwezi namba zao zikawa nzuri. Kumkatalia mgonjwa kama huyo mashine kwa kuogopa utegemezi ni kumnyima daraja la kuvukia.

Turudi kwenye yale madafu mawili. Mke wa mjomba aliyanunua kwa upendo, na kwa kuharisha kwa kawaida watu wengi wa pwani wamekunywa madafu wakapona. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali mtu anayeharisha amepoteza sodiamu nyingi, na mtu ambaye mkojo wake umesimama hawezi kuitoa potasiamu inayoingia. Kilichotakiwa nyumbani kuanzia Jumanne asubuhi kilikuwa ORS, ile pakiti inayochanganywa katika lita moja kamili ya maji safi. Ina gramu 13.5 za glukosi, gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti kidogo, na siri yake ni kwamba glukosi na sodiamu huingia pamoja kupitia ukuta wa utumbo na kuvuta maji nyuma yake, hata wakati wa kuharisha. Mwaka 1971, kipindupindu kilipoingia katika kambi za wakimbizi wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuwanywesha watu mchanganyiko wa namna hii, na vifo kambini mwake vikapungua sana. Sisi tuliopitia kipindupindu cha Dar es Salaam kilichoanza Agosti 2015 tunaijua pakiti hiyo, lakini tumeizoea kama dawa ya watoto. Mzee wa miaka 63 anayemeza vidonge vya presha anaihitaji mapema kuliko kijana.

Lakini nisieleweke kwamba jibu la kila figo iliyokosa damu ni maji. Kinachokosekana ni damu kufika, na inaweza kukosa kufika hata mwili ukiwa umejaa maji. Mama mmoja wa mtaani kwetu alikuwa na moyo dhaifu. Miguu ilivimba, mkojo ukapungua, na watoto wake, waliosikia kwamba figo hupenda maji, wakawa wanamnywesha chupa baada ya chupa hadi akashindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Figo zake zilikosa damu kwa sababu pampu ilikuwa dhaifu na kwa sababu damu ilikuwa imerundikana katika vena, mishipa inayoirudisha moyoni, na zilianza kukojoa vizuri alipopewa dawa ya kupunguza maji, ile dawa ambayo kwa mjomba ingekuwa sumu. Katika maambukizi makali ya damu, mishipa hulegea mwili mzima na shinikizo huanguka bila tone kumwagika. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hupoteza damu yenyewe, na akicheleweshwa sana, tabaka la nje la figo zake linaweza kufa pamoja na vichujio, na hapo hakuna kuzaliana kwa seli kutakakozirudisha.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wengi tuliomba watu watolewe wakiwa hai, nami pamoja na kuomba hivyo niliwaza figo zao. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall wa London waliandika kuhusu watu waliofukuliwa katika vifusi vya mabomu ya vita, waliotolewa wakiwa na fahamu na wakaonekana wamenusurika, kisha presha ikaanguka, mkojo ukasimama, wakafa ndani ya siku chache. Misuli iliyobanwa huvimba ikivuta maji kutoka katika damu, na wakati huohuo humwaga protini yake nyekundu ambayo huumiza mirija. Figo hukosa damu na kupata sumu kwa pamoja. Leo inafahamika kwamba dripu ianze, ikiwezekana, kabla mtu hajaondolewa kifusi mwilini.

Mwaka 2013 Jumuiya ya Kimataifa ya Nefrolojia, yaani ya wataalamu wa figo, ilijiwekea lengo kwamba kufikia 2025 asife mtu yeyote kwa kuumia ghafla kwa figo kunakoweza kuzuilika. Mwaka huo umefika, na watu bado wanaletwa kwetu siku ya tano. Sioni kwamba kinachokosekana Temeke ni mashine za bei kubwa pekee. Chupa yenye alama za mililita, pakiti ya ORS, muuzaji wa dawa anayeuliza swali moja zaidi, na namba ya kreatinini ya wakati wa afya iliyoandikwa mahali panapoonekana, vingewakuta wagonjwa wengi wakiwa bado katika hatua ya kwanza. Bila ile 88 ya mwaka uliotangulia, daktari asingejua kama 318 ya mjomba ni jambo la wiki hii au la miaka mitano.

Mjomba alitoka hospitali siku ya saba. Daktari alimruhusu kurudia dawa ya presha baada ya wiki mbili na kipimo kingine, safari hii losatani peke yake, akamwandikia kwamba siku atakayoharisha au kutapika apige simu kwanza kabla ya kuimeza. Diklofenaki na jamii yake yote amekatazwa, na mgongo sasa unatulizwa kwa parasetamoli na kwa vijana wawili wanaomwinulia mbao. Mke wa mjomba ameweka pakiti sita za ORS kwenye kabati la vyombo, na dumu la lita moja lililooshwa vizuri kwa ajili hiyo. Mwezi Mei, miezi mitatu ilipotimia, mjomba alikuja kituoni mwenyewe akitokea Keko akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, nikamtoa damu. Ilikuwa 94. Nimeiandika katika daftari lake, chini ya ile 88, na tarehe yake.